Mama Pindo na Ngazi za Shule ya Zamani

Ukimkuta Mama Pindo na pini mdomoni, usimsemeshe. Atakujibu kwa macho, na macho yake yana makali kuliko mkasi wake. Wateja wanalijua hilo. Husimama wima kama askari wa gwaride mpaka amalize kuwapima, ndipo wanapumua. Jina la Pindo alipewa hapa mtaani kwa sababu hakubali nguo itoke kibandani kwake na pindo lililokwenda upande, hata iwe ya mtoto, hata kama mwenyewe umemwambia, "Mama, acha hivyo hivyo, nina haraka." Atakujibu, "Wewe una haraka. Nguo haina."

Kibanda chake kiko chini ya kilima, kati ya kinyozi na duka la vifaa vya ujenzi. Akiinua kichwa kutoka kwenye cherehani, kitu cha kwanza anachokiona ni shule ya zamani: jengo refu la mawe, veranda yenye nguzo nene, madirisha marefu, na mbele yake ngazi pana za mawe zinazopanda kutoka uwanjani mpaka mlango mkubwa. Ngazi zenyewe zimelika katikati kwa miguu ya watoto wa vizazi na vizazi. Maharusi huja kupigia picha pale.

Mama Pindo hakuwahi kuzipenda hizo ngazi.

Alisoma pale. Alikuwa bado madarasa ya chini wakati mdogo wake alipofikia umri wa kuanza shule. Mdogo wake huyo, ambaye leo sote tunamwita Fundi Redio, alishikwa na homa akiwa mchanga, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake. Mwalimu mkuu wa wakati ule hakuwa mtu mbaya. Alimwambia mama yao kwa upole, "Mama, mtoto ana akili, naona. Lakini atapandaje?" Mama yao akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama pembeni, madaftari kifuani. "Dada yake atambeba."

Ikawa imekwisha. Hakuna aliyemuuliza dada. Kila asubuhi alimbeba mgongoni kutoka nyumbani, akapanda naye zile ngazi, akamketisha dawati la mbele, kisha akakimbilia darasa lake huku kengele imeshalia na fimbo inamsubiri. Wenzake wakienda mapumziko kuruka kamba, yeye alikwenda kumpeleka mdogo wake msalani. Mvua ikinyesha mawe yale yaliteleza kama yamepakwa sabuni. Siku moja walianguka wote wawili, na kovu la siku hiyo analo kidevuni.

Na mdogo alikuwa kichwa kweli kweli. Hesabu alizimaliza kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni. Lakini dada alipomaliza darasa la mwisho, alama zake hazikumfikisha sekondari, akapelekwa kwa shangazi yao upande wa pili wa mji kujifunza cherehani. Sasa nani abebe? Walimu walisikitika, wakasema watafanya mpango. Mpango haukufanyika. Mvulana akabaki nyumbani, akaanza kufungua redio ya baba yake kwa kisu cha jikoni aone sauti inatokea wapi. Hiyo ndiyo shule iliyombakia.

"Sikumwacha," Mama Pindo husema, hata kama hakuna aliyemshtaki. "Niliondolewa."

Basi miaka ikaenda. Fundi Redio akawa fundi hasa, wa redio kwanza, halafu televisheni, halafu simu. Akapata kiti cha magurudumu, akapata mke, akapata watoto na mvi. Mama Pindo akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kuishi na mama yao ambaye sasa ni bibi mzee wa kukaa uani na kutoa amri. Shule nayo ikahamishiwa majengo mapya kule nje ya mji. Lile jengo la mawe likafungwa kwa kufuli, njiwa wakajaa darini, wahuni wakang'oa vioo, na kila mwaka tukasikia kwamba litauzwa.

Halikuuzwa. Watu wa mtaa tulikutana uwanjani, tukasema shule ile ni yetu, babu zetu walisomba mawe yake, na tunaitaka iwe kituo cha maendeleo cha jamii. Kila mtu alikuja na lake. Akina mama walitaka kliniki ya watoto. Vijana walitaka kompyuta. Wazee walitaka chumba cha kusomea magazeti. Mama Pindo alitaka chumba cha kufundishia ushonaji, na akataka kingine cha ufundi wa simu, chini ya mdogo wake. Kwa kuwa ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, akachaguliwa mwenyekiti. Katibu akawa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ofisi, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, ambaye hawezi kusema "funga dirisha" bila kwanza kusema "kwa heshima na taadhima."

Serikali ikakubali. Mfadhili akapatikana. Tukafagia kinyesi cha njiwa mpaka mapafu yakalalamika. Siku ya kikao cha kwanza ndani ya jengo, katika darasa kubwa lililo nyuma ya veranda, Fundi Redio alifika na kiti chake mpaka chini ya ngazi. Mama Pindo, bila kufikiri, alimpa mgongo na kuchuchumaa.

"Dada, simama," Fundi Redio akamwambia.

"Watu wanatungoja."

"Simama, nakwambia. Nina wajukuu mimi. Sibebwi tena kama gunia."

"Sasa utaingiaje?"

"Si mnasema ni kituo cha wote? Siku nitakapoingia, nitaingia kwa magurudumu yangu, mlango huu huu. Vinginevyo nitakuwa kibandani kwangu, mnipigie simu."

Akageuza kiti, akaondoka. Mama Pindo alibaki amechuchumaa kidogo, kisha akajikung'uta magoti na kupanda kwenye kikao peke yake. Siku hiyo alipitisha azimio la kwanza kabla hata chai haijamiminwa: ijengwe njia ya mteremko mbele ya jengo, ya zege, pembeni mwa ngazi. Wote tukanyoosha mikono. Nani angekataa?

Hatukujua kwamba hapo ndipo danadana inaanza.

Mwashi alikuwa ameshachimba msingi na kumwaga kokoto wakati gari la Idara ya Mambo ya Kale liliposimama uwanjani. Akashuka binti mmoja mwembamba, kofia kichwani, kamera shingoni. Alikuwa afisa wa idara, na alikuwa na adabu zake zote. Alimsalimia Mama Pindo shikamoo, akaipokea marahaba yake, kisha akasema kazi isimame.

"Jengo hili limeorodheshwa, mama. Ni urithi. Ngazi hizi hasa ndizo zilizoandikwa. Hakuna jiwe linaloruhusiwa kuguswa, kuchimbwa wala kumwagiwa zege."

"Mwanangu, watu wasio na miguu wapite wapi?"

Afisa akainamisha kichwa. "Naelewa, mama. Lakini siwezi."

Kokoto zikazolewa. Mama Pindo akavaa gauni lake la kanisani na la vikao, akaenda ofisi za halmashauri, ghorofa ya juu, kwa injinia anayetoa vibali vya majengo ya umma. Injinia alikuwa mwanamume mnene mwenye kicheko cha karibu.

"Mwenyekiti! Kituo kinaendeleaje?"

"Tumeambiwa tusijenge mteremko."

Kicheko kikakata. "Hapana. Bila mteremko sitoi kibali. Jengo la umma lazima liingilike na kila mtu. Hilo halina mjadala."

"Mambo ya Kale wamekataa."

"Hao wana yao. Mimi yangu ni haya."

"Basi ongea nao, mwanangu. Nyinyi wote ni serikali."

"Waje. Mlango wangu uko wazi."

Mama Pindo akatoka. Na hapa ndipo penye uchungu: ofisi ya Mambo ya Kale ilikuwa ng'ambo ya ukumbi huo huo. Mlango na mlango. Ungeweza kurusha kalamu kutoka meza hii ikaangukia meza ile. Akagonga. Yule binti akamkaribisha kiti.

"Injinia anasema lazima mteremko uwepo."

"Ni kweli, kwa sheria zao."

"Na wewe unasema usiwepo."

"Ni kweli, kwa sheria zetu."

"Basi vuka hapo, binti yangu. Hatua tatu tu. Ukamwambie."

Afisa akashusha sauti. "Mama, mimi ni mdogo kwake kazini. Kumfuata mkubwa ofisini bila wito siwezi. Aniite."

Mama Pindo akavuka. "Anasema umwite."

"Mimi nimwite? Yeye ndiye mwenye hoja. Aandike."

Akavuka tena. Mlinzi wa ukumbini akaanza kumtazama kwa huruma, akamsogezea kiti karibu na maji ya kunywa. Mambo hayo yaliendelea siku ile, na wiki ile, na majira yale yote. Akienda huyu yuko semina. Akirudi yule yuko likizo. Wakiwepo wote wawili, mmoja yuko kwenye kikao na mwingine anasubiri bosi. Walimzungusha kama pia. Nguo za wateja zikalala kibandani, mapindo yakachelewa, na mteja mmoja alichukua kitambaa chake kwa hasira akampelekea fundi mwingine. Jioni mama yake mzee alikuwa akimsubiri uani.

"Umepata?"

"Sijapata."

"Si umbebe tu? Ulikuwa unambeba."

"Mama, nina umri wa kubebwa mimi."

"Mgongo ni ule ule," bibi akajibu, akageukia upande wa pili.

Ndipo Katibu akaja na dawa. Kwenye kikao, kwa heshima na taadhima, alikumbusha kwamba nyuma ya jengo kuna mlango wa lililokuwa jiko la shule. Mlango ule hauna ngazi. Haukuandikwa kwenye urithi wowote. Ukitengeneza kijia cha saruji kuzunguka vyoo na karo la maji machafu, ukapitia jikoni, unatokea veranda safi kabisa. Ameshawauliza Mambo ya Kale, hawana pingamizi. Ameshamuuliza Injinia, atatoa kibali.

Wajumbe wakapiga makofi. Mama Pindo naye, kwa uchovu, akapiga. Alikuwa amechoka kiasi kwamba neno "ndiyo" kutoka ofisi yoyote lilimtosha. Kijia kikajengwa haraka. Kibali kikatoka.

Alikwenda mwenyewe kumpa mdogo wake habari. Fundi Redio alikuwa kibandani kwake, miwani ya kukuza puani, simu ya mtu imefunguliwa tumbo mezani. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mlango wa kuni," akasema.

"Mlango ni mlango."

"Dada, ule ulikuwa mlango wa kuingizia kuni na kutolea taka. Mimi ni kipi kati ya hivyo?"

"Usinianze. Hujui nilivyosumbuka."

"Najua. Na mwisho wa kusumbuka kwako nipite chooni."

"Pembeni ya choo!"

"Wewe ungepita?"

Fundi Redio akavua miwani. "Zamani ulinibeba kwa sababu mama alikuamrisha. Ulikuwa mtoto, hukuwa na la kusema. Leo wewe ni mwenyekiti. Leo nani amekuamrisha?"

"Mgongo huu unauma mpaka leo kwa ajili yako," Mama Pindo akasema. "Sekondari sikwenda kwa ajili yako. Sasa unataka nini tena kwangu, ngozi?"

Maneno yakishatoka hayarudi. Mteja aliyekuwa anasubiri simu yake alijifanya anasoma tangazo ukutani. Fundi Redio akarudisha miwani puani, akashika bisibisi.

"Sitaki kitu," akasema. "Nenda kafungue kituo chako."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Mtaa mzima ulijua, maana wajukuu walikuwa wanatumwa huku na huku kama mabalozi: bibi kasema, babu kajibu. Na kwenye kikao kilichofuata, ilipofika ajenda ya vyumba, Katibu akauliza kama Fundi Redio bado anakihitaji chumba cha mwisho wa veranda, alichotengewa kwa ufundi wa simu. "Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo," Katibu akasema, akaandika. Chumba kikawa ofisi ya katibu. Mama Pindo hakupinga. Alikuwa bado ana hasira na mdogo wake, na hasira hiyo ilimfunga ulimi siku ambayo hakupaswa kufungwa. Amejilaumu sana kwa hilo.

Siku ya ufunguzi mji ulijaa uwanjani. Maturubai, spika, watoto wa kwaya, utepe mwekundu mlangoni kule juu. Injinia alikuwepo. Afisa wa Mambo ya Kale alikuwepo, bila kofia safari hii. Mama Pindo alikuwa ameandaa hotuba, na ndani yake alikuwa amepanga kulisema jambo la ngazi mbele ya wakubwa wote, liwalo na liwe. Lakini mgeni rasmi alichelewa sana, jua likawaunguza wanakwaya, na mshereheshaji akafupisha ratiba. "Mwenyekiti wetu atatusalimia kwa kupunga mkono!" akatangaza. Mama Pindo akapewa nafasi ya kupunga mkono. Akapunga. Karatasi yake ikaendelea kutoa jasho kwenye pochi.

Mgeni rasmi alikuwa mtu wa mwili, na goti lake moja lilikuwa na matatizo. Alipofika chini ya ngazi akasimama, akazitazama kwenda juu kama mtu anayetazama mlima. Akapanda kidogo kwa kushikwa kwapa na wasaidizi wawili. Akasimama tena. Jasho likamtoka.

"Jamani," akasema, na maikrofoni ya mshereheshaji ilikuwa karibu kiasi kwamba tulisikia sote, "hakuna njia nyingine?"

Katibu akajitokeza mbio. "Ipo, mheshimiwa! Kwa heshima na taadhima, ipo ya nyuma. Ya jikoni."

Mgeni rasmi akamgeukia taratibu. "Mimi nipitie jikoni?"

Uwanja ukawa kimya. Injinia akatazama viatu vyake. Na katikati ya kimya hicho, Mama Pindo akaangua kicheko. Hakukusudia. Kilimtoka kama kikohozi, kikubwa, cha kutoka tumboni, na kila alipojaribu kukizuia kilizidi. Wanakwaya wakaanza kucheka kwa kumwona yeye. Mgeni rasmi, akidhani anachekwa goti, alikunja uso, akazipanda ngazi zilizobaki kwa hasira tupu, akakata utepe, akashuka, akaondoka bila kunywa hata soda.

Katibu hakumsamehe. Alitaka mwenyekiti aandikiwe onyo. Kwa wiki nzima mtaani ilikuwa ni kicheko cha Mama Pindo tu, wengine wakisema ametuaibisha, wengine wakimwomba awaigizie. Yeye mwenyewe hakuona cha kufurahisha. Kituo kilikuwa kimefunguliwa, mdogo wake alikuwa kibandani kwake, na aliyecheka alikuwa anajisikia vibaya kuliko aliyechekwa.

Siku chache baadaye, binti wa Mambo ya Kale alikuja kibandani. Alikuja kwa miguu, na sketi ya kupunguzwa kiuno. Mama Pindo alimpima bila neno, pini mdomoni. Binti ndiye aliyesema, huku akitazama ukuta.

"Mama, nimeisoma upya ile sheria yetu. Inasema ngazi zisiguswe. Haisemi zisifunikwe."

Pini zikatoka mdomoni moja moja. "Sema tena."

"Kitu cha mbao, kisichopigiliwa kwenye jiwe, kinachoweza kuondolewa. Hicho si ujenzi. Ni samani. Kama kiti, kama meza. Naweza kukisainia kibali cha muda. Lakini kiondolewe kila jioni, na kibali kihuishwe kila baada ya miezi mitatu."

"Kwa nini hukuniambia mwanzoni?"

Binti akaona aibu. "Mwanzoni nilisoma pale palipoandikwa hapana, nikaishia hapo."

Mama Pindo alitaka kumfokea. Alikumbuka kiti cha mlinzi karibu na maji ya kunywa, safari zote zile za kuvuka ukumbi. Badala yake akamalizia sketi, akahakikisha pindo limenyooka, akamtoza bei ya kila mtu.

Kisha akafunga kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaenda kwa mdogo wake. Alisimama mlangoni. Hakuomba radhi kwa maneno, si hulka ya familia yao. Alisema, "Kuna seremala anataka kujua kiti chako kina upana gani."

Fundi Redio akaweka bisibisi mezani. "Mlango upi?"

"Wa mbele."

"Mwambie aje na futi. Na usinijibie maswali yake, nitajibu mwenyewe."

Seremala alitengeneza mteremko wa mbao wa vipande vipande, vinavyounganishwa kwa ndoano. Kwa kuwa mteremko mkali ungemrudisha mtu kinyumenyume, ilibidi uwe mrefu, ukatoka mlangoni ukavuka ngazi zote, ukaenda mpaka karibu na geti. Katibu alilalamika kwamba unaharibu sura ya picha. Maharusi nao wakalalamika. Mama Pindo aliwaambia wapige picha kwenye karo la jikoni, kuna kijia kizuri cha saruji.

Asubuhi ya kwanza tulikusanyika wachache tu. Fundi Redio akaanza kupanda, mikono ikisukuma magurudumu, pumzi zikisikika. Mama Pindo alikuwa nyuma yake hatua moja. Nilikuwa pembeni, nikamwona: mikono yake ilijinyoosha yenyewe kuelekea mgongo wa kile kiti, akairudisha, ikajinyoosha tena. Mwishowe akaipeleka nyuma ya kiuno chake akaishikamanisha kwa nguvu kama mfungwa. Katikati ya njia gurudumu la mbele likaingia kwenye upenyo wa mbao mbili, likakwama. Kiti kikayumba.

"Seremala!" Fundi Redio akapaza sauti. "Hii umemtengenezea nani, panya?"

Alijinasua mwenyewe, akateremka kinyumenyume pole pole, akaenda kazini kwake. Kesho yake pengo lilikuwa limezibwa. Akapanda tena, akafika. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu alitutazama kwa namna ambayo ilikuwa wazi kwamba hataki makofi. Alipita veranda nzima akigusa nguzo moja moja, akafika chumba cha mwisho. Mlangoni palikuwa na kibao: OFISI YA KATIBU.

Alisoma kile kibao. Akageuza kiti kumtazama dada yake.

"Niliwaacha wakakitoa," Mama Pindo akasema. "Nilikuwa nimekukasirikia."

"Aa," akasema Fundi Redio. Akatafuta kivuli kwenye veranda, akafungua mkoba wa vifaa vyake, akauliza umeme uko wapi.

Hayo ni ya mwaka jana. Unaweza kudhani sasa Mama Pindo amepumzika. Wapi! Kibali kilipofika siku ya kuhuishwa mara ya kwanza, Injinia akagundua kwamba mteremko hauna vyuma vya kushikilia pembeni. Mambo ya Kale wakasema vyuma si samani. Mama Pindo alitaka kurarua kitu. Fundi Redio akasema, "Safari hii twende wote."

Walikwenda. Lifti ya halmashauri ilikuwa mbovu tangu tunaijua. Fundi Redio akasimamisha kiti chini ya ngazi, akatoa simu, akampigia Injinia, kisha yule binti, akamwambia kila mmoja kwamba ana mteja wa kiti cha magurudumu hapa chini, hawezi kupanda, na atashukuru akifuatwa. Wakateremka. Mmoja kwa ngazi za kushoto, mwingine za kulia. Wakakutana mbele yake, na inasemekana walipeana mikono na kutajiana majina. Walibishana pale pale muda mrefu, Mama Pindo amekaa kwenye benchi la wageni, hana nguvu hata ya kufurahi. Walikubaliana vyuma viwekwe upande mmoja tu, vifungwe kwenye mbao, visiguse jiwe. Upande mmoja! Kama vile watu wote wanashikia mkono wa kulia.

Leo kituo kinafanya kazi. Kliniki imejaa watoto, na akina mama wenye vigari vya mapacha wanapita mteremko ule ule wakidhani ulikuwepo siku zote. Vipande vyake vinapangwa kila asubuhi na kuondolewa kila jioni. Wanafunzi wa ushonaji na wa simu wanapokezana zamu, na zamu isipotimia Mama Pindo anavuta mbao mwenyewe huku akilaani idara zote kwa majina yao. Fundi Redio anafundisha verandani. Mvua ikija ya upande, anahamia na wanafunzi wake chumba cha cherehani, wanajazana, harufu ya risasi ya kuchomea nyaya inaingia kwenye vitambaa, na dada na mdogo wake wanagombana mpaka mvua ikatike.

Suala la chumba cha mwisho liko kwenye ajenda. Kila kikao linaandikwa namba ya mwisho, na kila kikao Katibu, kwa heshima na taadhima, anasema muda umekwisha. Kikao kilichopita Mama Pindo aliinuka kabla ya sala ya ufunguzi.

"Leo tunaanza na ya mwisho," akasema.

"Mwenyekiti, utaratibu—"

"Utaratibu niulize mimi. Nimelishwa huo mpaka nikashiba."

Tulipiga kura. Tulitoka sare. Tutarudia mwezi ujao, na Mama Pindo ameshaanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba kura.